Klabu Tatu, Mbuzi Mmoja

Nilitoka nje ya mkutano kwenda kupokea simu. Dakika tatu, hazikuzidi. Niliporudi nikakuta wajumbe wote wananipigia makofi, nami kwa ujinga wangu nikainua mkono kuwapungia kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Nilipokaa ndipo Mama Mhazini akaninong'oneza, "Hongera mwanangu. Mashindano ya mwaka huu ni yako."

Mashindano yenyewe ni ya gofu, ya kirafiki, baina ya klabu tatu za jirani. Tuko sisi wa mlimani, wapo wenzetu wa bondeni, na wapo wa mashambani ambao kiwanja chao kimebanwa na chai pande zote. Mpira ukipinda kidogo unautafuta pamoja na wachuma chai. Kila klabu inaleta wachezaji kumi na wawili. Fedha hakuna. Kuna kikombe chenye sikio moja, la pili lilivunjika zamani na hakuna anayejua lilivunjikia kwa nani, maana kila klabu inaitaja nyingine. Na kuna mbuzi.

Kikombe hakigombaniwi na mtu. Mbuzi ndiye anayeleta watu. Utaratibu tulioachiwa na wazee ni kwamba mbuzi anachinjwa asubuhi, anachomwa taratibu mchana kutwa, na matokeo yakishasomwa, meza ya washindi ndiyo inayoletewa sinia. Meza mbili zilizobaki zinakula wali kwa maharage, ndani ya ukumbi uleule, zikitazama. Tunauita ujirani mwema.

Kwa miaka zaidi ya ishirini shughuli hii iliendeshwa na Mzee Katibu. Vifaa vyake vilikuwa daftari kubwa la kaunta, rula, na penseli aliyoichonga kwa kisu. Mwaka ule akasema macho yamechoka. Aliniita pembeni, akanikabidhi lile daftari kwa mikono miwili.

"Humu mna handikapu za watu wote, mwanangu. Mpaka za marehemu."

"Nashukuru sana Mzee. Lakini siku hizi kuna kompyuta."

Akanitazama kitambo. Kisha akalirudisha daftari kwapani.

"Haya," akasema.

Niseme mapema kwamba mimi ni mhasibu. Mkate wangu wa kila siku unatokana na kupanga tarakimu kwenye majedwali ya kompyuta. Ningekuwa fundi bomba ningekuwa na pa kujificha.

Kwa asiyecheza gofu, handikapu ni mikwaju anayosamehewa mchezaji ili dhaifu aweze kupimana na mkali. Mwenye handikapu ya 5 anasamehewa mikwaju mitano kwa mzunguko mzima, mwenye 30 anasamehewa thelathini. Tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020, unaweza kubeba handikapu mpaka 54, yaani mikwaju mitatu kila shimo. Mama Mhazini, ambaye ana 44, husema hajapata kuona msamaha wa kodi unaofanana na huo. Bila handikapu, pale kwetu wangekuwa wanacheza watu wanne tu na sisi wengine tungekuwa tunawashikia miavuli. Ikiwepo, mchungaji anaweza kumfunga kanali.

Alama tunahesabu kwa pointi za Stableford, mfumo wa daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, ulioanza kuvuma mwaka 1932 kwenye klabu yake ya Wallasey. Ukishaondolewa msamaha wako, ukimaliza shimo kwa kiwango chake, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo, unapata pointi 2. Ukizidisha mkwaju mmoja unapata 1. Ukivuruga kabisa unapata sifuri, unaokota mpira na kwenda shimo linalofuata ukiwa na heshima yako. Mtu akipata 36 amecheza sawasawa na handikapu yake. Akipata 40 alikuwa na siku njema. Akivuka 45 watu wanaanza kuulizana hiyo handikapu aliipata wapi. Naomba tarakimu hizo zikae kichwani.

Ijumaa usiku nilikuwa nyumbani na jedwali langu. Safu ya kwanza majina, ya pili klabu, ya tatu handikapu, halafu mashimo yote kumi na manane yakisubiri alama za kesho. Kila kitu kilikuwa sahihi. Nilikikagua mara mbili. Ndipo Mama Mhazini akapiga simu.

"Mwanangu, hayo majina umeyapangaje?"

"Kwa klabu, Mama, nahodha kwanza."

"Usithubutu. Mwaka juzi Kanali aliwekwa chini ya mtu aliyekuwa kuruta wake. Tulisuluhisha mpaka Jumanne. Panga kwa alfabeti, kila mtu amlaumu aliyempa jina."

Wakati naagana naye umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na chaji asilimia 11. Mbu wakatua kama waliokuwa wanasubiri giza kwa ratiba. Nikaichagua safu ya majina, nikabonyeza kitufe cha kupanga kuanzia A. Programu ikaniuliza swali, sentensi ndefu hivi, yenye vitufe viwili vya kuchagua. Mkono mmoja ulikuwa unaua mbu. Mwingine ukabonyeza "endelea".

Majina yakajipanga kama wanafunzi mstarini. Nikahifadhi, nikazima, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi shamrashamra zilianza kabla ya mimi kuwa tayari. Vikundi vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja kina mtu wa kila klabu ili walindane, na nilikuwa nimeamua tuanze wote kwa mpigo, kila kikundi kwenye shimo lake. Kwa Kiingereza utaratibu huo unaitwa "shotgun start", kwa sababu zamani kule Marekani ulianzishwa kwa mlio wa bunduki. Sisi bunduki hatuna, kwa hiyo tukakubaliana itumike honi ya lori la Nahodha wetu, lori la mbao ambalo likipiga honi kuku wa kata ya pili wanaacha kutaga. Saa mbili kamili, honi ndefu moja, wote mnapiga.

Kiwanja chetu kiko kando ya barabara kuu, pale mteremko unapoanza. Saa moja na dakika thelathini na tano likapita basi la mikoani. Ninyi mnayajua mabasi yetu na honi zao za kuimba. Dereva akateremka na wimbo mzima, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka kibwagizo.

Vikundi saba vikaanza kucheza.

Vitano vilivyobaki vilikuwa bado kwenye supu na chapati. Nahodha, kuona mipira inaruka huku na kule kabla ya wakati, akapatwa na kiwewe, akarukia lori akaibana honi ili awasimamishe. Wale wa supu kusikia honi ya lori wakajua ndiyo yenyewe. Wakaacha bakuli zinatoa moshi na kukimbilia kwenye mashimo yao, mmoja chapati iko mdomoni. Mpaka hapo nilijipa moyo. Angalau wote wameanza.

Nilisahau kitu kimoja. Kwenye karatasi ya kanuni za siku, ambayo mimi mwenyewe niliiandika kwa kujionyesha kidogo, nilikuwa nimeweka ishara rasmi za gofu kwa ajili ya radi: honi moja ndefu ikilia katikati ya mchezo, simama papo hapo, usipige hata mkwaju mmoja. Nani anasoma karatasi ya kanuni za siku? Katika watu thelathini na sita, alisoma mmoja.

Baada ya dakika arobaini kedi mmoja, mbeba fimbo za wachezaji, akaja mbio. "Bosi, shimo la sita Kanali amekataa kucheza."

Nilimkuta Kanali mstaafu wa bondeni amechuchumaa mbali na miti, fimbo zake za chuma amezilaza kando, wenzake wawili wamechuchumaa nyuma yake kwa mstari. Mbingu ilikuwa bluu, haina hata wingu la kusingizia.

"Afande, shikamoo. Mnaweza kuendelea."

"Marahaba. Amri ya kusimama imeondolewa na nani?"

"Na mimi, Afande."

"Kwa ishara gani?"

Karatasi yangu ilisema honi fupi mbili. Nikageuka, nikatembea mpaka kwenye lori, nikapiga honi fupi mbili. Kwa mbali nikamwona anainuka, anafuta magoti na kuchukua fimbo yake. Nasikia aliupeleka ule mpira moja kwa moja katikati ya njia.

Mchezo wenyewe ulikwenda kama gofu ya vijijini inavyokwenda. Sisi hatuna grini (ile sehemu laini inayozunguka shimo) za nyasi. Tuna zile za mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, tunaziita brauni, ambapo kabla ya kusukuma mpira kwenye shimo unaburuta ubao kusawazisha njia. Watu wa bondeni wana nyasi laini na hutuonea huruma. Nyumbani kwao ukigusa mpira unateleza mpaka ng'ambo. Kwetu lazima uupige kama unayempa mtu kibao cha kirafiki. Mashimo matatu ya mwanzo waliacha mipira nusu ya njia, huku wakitazama soksi zao nyeupe zikipata rangi ya gereji. Shimo la nane kunguru alibeba mpira wa mtu wa mashambani, na hapo nilifurahi kuulizwa swali ninalolijua: mnyama au ndege akiuchukua mpira wako uliotulia, unaweka mwingine palepale ulipokuwa, na adhabu hakuna. Akaniuliza je, kunguru akiuangusha kwenye shimo? Nikamwambia ajaribu kumpata kunguru wa namna hiyo amsajili.

Kufika saa saba na nusu kadi zikaanza kuletwa mezani kwangu. Wachezaji walikuwa wameandika mikwaju yao halisi tu, shimo kwa shimo. Zamani mchezaji ndiye aliyewajibika kuandika handikapu yake kwenye kadi, akiongeza anaondolewa. Kanuni mpya za mwaka 2023 zikamtua mzigo huo, zikautwisha kamati. Siku ile kamati ilikuwa mimi, na kompyuta yangu, na soda ya tangawizi.

Niliingiza kadi zote kwa kasi iliyonipa sifa. Makedi walisimama nyuma yangu wakitazama vidole. Nikimaliza kadi naiweka pembeni, na pembeni alikuwa amekaa Mzee Katibu.

"Naomba nizitazame tu," akasema. "Za kukumbukia enzi."

Nikamwachia. Alivaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akafungua daftari, akaanza kuandika kwa penseli polepole. Roho iliniuma kidogo. Nikasema moyoni, maskini Mzee, mazoea yana taabu.

Saa nane kamili nikabonyeza kitufe cha mwisho. Wanahesabiwa wanane bora wa kila klabu. Kompyuta ikasema: mlimani 297, mashambani 251, bondeni 238.

Sisi! Tulikuwa hatujamwonja huyo mbuzi kwa miaka minne. Nikarudia kubonyeza, ikasema vilevile. Sikuchunguza zaidi. Mhasibu mwenzangu akileta vitabu vyenye faida ya namna hiyo ningemwita ofisini na kufunga mlango, lakini ile ilikuwa faida yangu.

Saa tisa tukaingia ukumbini. Mgeni rasmi, mstaafu mmoja mkubwa mwenye tumbo la kuheshimika, alitoa hotuba juu ya michezo na afya huku pua yake ikiwa imeelekea dirishani, moshi wa nyama unakotokea. Nikaanza na zawadi ya mchezaji bora.

"Mwenye pointi 58," nikasoma, "kutoka klabu ya mlimani... Kanali!"

Ukumbi ukanyamaza. Pointi 58! Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyo apelekwe Marekani leo hii!" Watu wakacheka. Kanali hakucheka. Alisimama wima.

"Mimi ni wa bondeni."

"Samahani Afande, kosa dogo la uchapaji."

"Na nimepiga mikwaju 79."

"Ndiyo maana umeshinda, Afande!" nikasema, nikaanza kupiga makofi, na makofi mnajua yanavyoambukiza. Akaja mbele, akapokea boksi la mipira, akaikagua mipira yenyewe kama mtu anayehisi mtego.

Ishara hazikuwa chache. Mchungaji wa bondeni, ambaye alikuwa ameniambia kwa machozi ya furaha kwamba maisha yake yote hajacheza vizuri kama leo, mikwaju 95 tu, nilimsoma ana pointi 19. Alitabasamu kama Ayubu, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anatembea chini ya mikaratusi midomo inachezacheza. Mama Mhazini nilimpa 3. Hakusema neno. Alifungua pochi, akatoa kitambaa, akajipepea. Na mkulima mmoja wa mashambani, ambaye mpira wake wa kwanza ulirudi nyuma, akatokea nafasi ya nne. Alisimama akainama huku na huku kama bwana harusi.

Mimi nilikuwa naona nini? Nilikuwa naona sinia. Lilikuwa limetokea mlangoni, limebebwa na vijana wawili, mbuzi amekatwakatwa, amewekewa ndizi pembeni na kachumbari na pilipili ya kusaga. Nikasoma haraka matokeo ya klabu. Meza yetu ikalipuka. Nahodha akakikumbatia kikombe kwa lile sikio lake moja. Sinia likashuka mbele yetu, na meza mbili zikaletewa wali na maharage kwenye mabakuli ya plastiki.

Nitakuwa mkweli, nyama ilikuwa tamu kupita kiasi. Labda ni ile miaka minne. Tulikula tukiwatazama wale wenzetu, na kila aliyeshika mfupa aliuinua kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mzee Katibu alipewa ini na ubavu kwa heshima ya utumishi wake. Alikula taratibu, kwa utulivu, daftari lake liko chini ya kiwiko. Kila baada ya muda alikuwa anaongeza kachumbari. Mbavu mbili za mwisho alizifunga kwenye karatasi kwa ajili ya bibi nyumbani.

Ilikuwa kama saa kumi na moja, sinia limebaki mifupa na ndimu zilizokamuliwa, Mama Mhazini alipokuja mezani kwangu na ile orodha niliyoibandika ukutani. Ameichomoa, pini bado iko kwenye pembe.

"Mwanangu, kula umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama."

"Nisaidie kusoma hapa. Jina hili la nani?"

"Lako, Mama."

"Na hii tarakimu?"

Nikasoma. Nikasoma tena. Handikapu 4.

"Mimi," akasema Mama Mhazini, sasa sauti imeanza kupanda, "ambaye shimo la pili nimepiga mikwaju tisa na hapo bado sijatoka kwenye kichaka, nina handikapu ya nne? Na hapa klabu imeandikwa mashambani. Nimehamia mashambani lini? Nani kanisajili?"

Tumbo lililojaa mbuzi likageuka jiwe. Nikakimbilia kompyuta. Na pale, kwenye mwanga mzuri, bila mbu, nikaliona lilelile swali la Ijumaa usiku, kwa sababu nilijaribu tena nione inasemaje. Ilikuwa inauliza, kwa adabu kabisa, kama nataka na safu nyingine zifuatane na majina. Ile "endelea" niliyobonyeza ilikuwa na maana ya hapana. Majina yakapanda basi, klabu na handikapu zikabaki stendi. Karibu kila aliyekuwepo alicheza na handikapu ya mtu mwingine na kuhesabiwa klabu ya mtu mwingine. Kanali, mtu wa handikapu ya 6, alipewa 29 na kuletwa kwetu. Mchungaji mwenye 30 alipewa 5. Tulikuwa tumefanya dirisha la usajili kubwa kuliko la Simba na Yanga kwa pamoja, na hakuna aliyesaini.

Nikarekebisha. Mikono ilikuwa inatetemeka, vidole vina mafuta, kitufe kinateleza. Bondeni 279. Mashambani 266. Mlimani 249. Tulikuwa wa mwisho. Mchezaji bora alikuwa Mchungaji, pointi 43.

Nilisimama katikati ya ukumbi nikagonga glasi. Sijui watu wanaokiri mahakamani wanasimamaje, lakini mimi nilikuwa nimeshika kiti. Nilieleza kila kitu, mpaka mbu. Nilipomaliza palikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu wa bondeni anaweka kijiko chake cha maharage chini.

"Kwa hiyo," akasema nahodha wao taratibu, "yule mbuzi alikuwa wetu."

Wote thelathini na sita tukageuka kulitazama sinia. Nahodha wetu akafanya kitu ambacho mpaka leo sijamwelewa: alilisogeza kidogo kuelekea meza yao. Mfupa mmoja ukabingirika, ukaanguka sakafuni.

Kanali ndiye aliyeinuka kwanza. Akaja akaweka boksi la mipira mbele yangu, akanisogelea karibu. "Nilijua," akasema. "Jeshini tukipewa sifa tusiyostahili tunajua kuna mtu wa vifaa amelala." Akazunguka nyuma, akaenda kumtafuta Mchungaji kule kwenye mikaratusi. Tuliwaona kwa mbali. Mchungaji anasikiliza, anauliza, halafu anaruka juu na kofia yake. Nimemwona akihubiri Pasaka, hakuruka vile.

Alipoingia ndani hakunilaumu. Aliniwekea mkono begani akaniuliza jambo moja tu, "Ndugu, alikuwa mnono?"

"Alikuwa mnono, Mchungaji."

Akafumba macho.

Kamati ilikaa palepale, dakika kumi, na uamuzi ulikuwa mmoja kwa kauli moja: mwandaaji anunue mbuzi. Nikatafuta mbuzi wiki nzima kama anayetafuta mke, maana bondeni walituma ujumbe kwamba kwa sababu ya usumbufu asiwe mdogo kuliko yule. Nani aliyempima yule? Jumamosi iliyofuata tukampakia kwenye lori la Nahodha, pamoja na kikombe, na mimi nikakaa nyuma kumshika mbuzi pembe. Kila tulipopita kijiji watoto walikimbia kando ya lori wakishangilia; walidhani ni mahari.

Bondeni walitupokea vizuri, kwa ngoma na maji ya kunawa. Waliweka meza mbili. Sisi wageni tuliketi kwenye ile ya pili, na bila mtu kusema chochote tukaletewa wali na maharage, kwenye mabakuli yaleyale ya plastiki. Walikuwa wameyaazima kwetu mahususi. Kanali alikuja kunisalimia na ubavu mkononi, akasimama pale mpaka akaumaliza.

Wakati wa kurudi nilikaa mbele, kati ya Nahodha na Mzee Katibu. Giza lilikuwa linaingia na ule mlima wetu hauishi. Mzee alikuwa na daftari lake mapajani. Nikamwomba nilione. Akanifungulia ukurasa wa siku ile: wachezaji thelathini na sita, mashimo yote, kwa penseli, herufi ndogo zimenyooka. Chini amepiga mistari miwili kwa rula. Bondeni 279. Mashambani 266. Mlimani 249.

"Mzee," nikasema, "hii uliimaliza saa ngapi?"

"Saa nane. Saa nane na robo, kwa sababu ya macho."

"Kabla ya zawadi?"

"Kabla ya hotuba."

Nahodha alipunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Sasa Mzee wangu, kama ulijua, mbona hukuniambia?"

Mzee Katibu akafunga daftari, akaliweka kwapani, akatazama nje kwenye mashamba.

"Mwanangu," akasema, "saa nane mbuzi alikuwa bado hajaiva."